Mlango wa Kumi na Mbili

Wanataka niombe radhi. Barua imeletwa leo asubuhi, imegongwa muhuri wa kamati ya maduka, imeandikwa kwa kile Kiswahili cha ofisini kinachoanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu" na kwisha na "wako katika ujenzi wa mji wetu". Wanataka niombe radhi kwa maandishi, nifike mbele ya wanakamati, kisha nirudishe milango kumi na mmoja kama ilivyokuwa. Nimeisoma nikiwa nimesimama uani, kucha zangu bado zina udongo mwekundu ambao sabuni ya jana na ya juzi haijautoa, na nikacheka, kicheko kibaya, kile ambacho mwanangu akikisikia huacha kucheza akaniangalia. Radhi. Watu hawa walimfukuza mwanamke aliyewainua, wakayala maneno yake miaka yote hii, na mimi ndiye niliyewashikia ngazi. Kama kuna wa kuombwa radhi, amezikwa Soitsambu wiki mbili zilizopita, na kamati haikutuma hata salamu. Kwa hiyo barua yao sitaijibu. Nitauandika mwaka ule nilivyouona, na wakitaka waugonge muhuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, fundi wa maandishi. Mambo ya kwetu Endabash, nani alimzaa nani na nani aligawa shamba vibaya, nayaweka kando. Kinachohusika ni kwamba nilijua herufi. Nilichora chui na vifaru kwenye makava ya tairi za spea za magari ya watalii, nikaandika vibao vya loji, mishale ya kuelekeza vyooni, maneno ya karibu tena. Herufi zangu zilikuwa na kivuli upande wa kulia, na aliyepita barabara ya kwenda geti la Ngorongoro alijua kibao kipi ni changu mimi Paskalina na kipi ni cha mwingine. Nilijivunia kivuli kile kupita kiasi. Karatu ni mji uliojengwa ukitazama barabara. Hata nyumba za ibada zimegeuza uso huko. Kisha ukaja ugonjwa, ndege zikalala huko kwao, na barabara ikanyamaza. Loji zikafunga mageti. Wapishi waliokuwa wanakata matunda kwa umbo la swala wakarudi kupalilia mbaazi na ngwara. Emanuel, mwongoza watalii aliyejua majina ya ndege kwa lugha tatu, nilimkuta kona ya mnada akiuza vitunguu, darubini yake ingali shingoni. Nikamuuliza anaangalia nini na darubini hiyo. Akasema anatafuta wateja.

Kando ya barabara hiyo lilikuwapo, na bado lipo, banda refu la maduka kumi na mawili ya vinyago. Mwenye banda ni Mzee Boay, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maduka, na ana ghala la mahindi nyuma ya banda hilo. Kila duka lilikuwa na mlango wa chuma wa mabawa mawili unaofungukia nje na kulala ubavuni mwa ukuta, kiasi kwamba duka likiwa wazi, uso wa nje wa mlango hauonekani. Naomba msomaji aikumbuke milango hiyo inavyofunguka, maana kila kitu kinatoka hapo. Duka la mwisho, la kumi na mbili, lilikuwa la Nashipai, mama wa Kimasai kutoka Soitsambu, mtu wa miaka arobaini na kitu, mjane, fundi wa shanga. Alipolipanga halikuwa na mlango, akanunua wake mwenyewe. Wote tulimwita yeyo, yaani mama, hata waliomzidi umri. Mimi sikuwa na kazi wala pa kwenda, nikawa nashinda kwake.

Nyuma ya duka lake kulikuwa na chumba kidogo kilichotengwa kwa kanga, na chumba hicho nakikumbuka kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala. Jiko la mkaa lilikaa juu ya tofali mbili. Kibuyu cha maziwa kilining'inia msumarini, kikitoa harufu ya moshi wa mti waliokisafishia. Shanga zilikaa kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila rangi na kopo lake, na hakuruhusu mtu kuchovya mkono mchafu. Tulikula makande, kila siku makande, na siku ambayo kuna maziwa mgando tuliyamwagia juu, akaniambia kwamba huo sasa ni uchumba wa Wairaqw na Wamasai, mahindi yenu na maziwa yetu. Nikamuuliza, "Yeyo, nyie si ndio mnasema ng'ombe wote duniani ni wenu?" Akasema, "Ni wetu. Wenu tumewaazima tu, na mmechelewa kurudisha." Ukuta kati ya chumba kile na duka la jirani ulikuwa wa mbao nyembamba, na duka la jirani lilikuwa tupu, kwa hiyo kamati ilikuwa inakutania humo. Tulisikia kila walichosema. Tulimsikia Mzee Boay akiwaambia wenzake kwamba mahindi wasiyatoe sasa, wasubiri, watu bado hawajabanwa vya kutosha. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua itachelewa. Nashipai aliacha kutunga ushanga, sindano ikabaki hewani, akanitazama, kisha akaendelea. Alisema tu, "Umesikia na wewe? Basi tuko wawili."

Wazo lilikuwa lake, na nalisema hapa kwa sababu kibao kilichosimamishwa pale barabarani, kwa Kiingereza, kinasema shairi la milango ile ni la "wenyeji". Hakuna mtu anayeitwa wenyeji. Siku moja ya mnada tulikuwa tumekaa nje, watu wanapita kutoka kuuza mbuzi, na kila aliyepita aliangalia ile milango kumi na miwili iliyofungwa, na wake ukiwamo kwa kukosa wateja, kisha akaangalia chini, kama anapita msibani. Nashipai akaniambia, "Angalia. Milango inawadanganya. Inawaambia ndani hakuna mtu. Wewe una rangi, mimi nina maneno. Tuipe kitu kingine cha kusema." Akaanza kuniambia maneno, pale pale, mstari mmoja kwa kila mlango. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, na hakuita shairi, aliita dua. Kwao dua inaongozwa na mmoja, na kila anaposema, wengine wanajibu "Naai", yaani ee Mungu. Nikamwambia na sisi tunayo hiyo, slufay ya wazee wetu, mmoja anasema na kundi linamjibu. Akafurahi sana. "Basi tumeshapata wa kujibu."

Tulibishana jambo moja tu. Yeye alitaka niandike kwa udongo mwekundu, huu wa Karatu tunaokandikia nyumba, uliochanganywa na maji na mavi ya ng'ombe. Alisema, "Mvua ikija iyafute. Kama bado tuna shida, tutasema mengine. Kama hatuna, yataka nini pale?" Mimi nilichukia. Nilikuwa na madebe ya rangi ya mafuta yaliyobaki kwenye kazi za loji, rangi ya kustahimili jua na mvua miaka kumi, na sikuwa nimeshika brashi kwa miezi. "Yeyo, udongo ni wa ukuta wa bibi yangu," nilimwambia. "Mimi ni fundi." Akaniangalia, akaona nilivyokuwa na njaa ya kazi, akaacha. Niliandika kwa rangi ya mafuta, nyeupe juu ya nyekundu, na kivuli upande wa kulia. Lile lilikuwa kosa langu la kwanza, na nililifanya kwa kiburi cha ufundi, huku watu wakinisifu. Yalisomeka hivi, mlango kwa mlango:

Mji wetu, umelala, hujafa.
Anayekuita kwa jina ni jirani yako.
Waliokuja kwa magari wameondoka na magari.
Waliokuja kwa miguu bado wapo.
Tupe mvua inayojua njia ya shamba.
Tupe ng'ombe wanaojua njia ya nyumbani.
Mwenye ghala, fungua; panya wameshashiba.
Mkono uliotunga shanga utajua na jembe.
Kimaa na Kiiraqw vinaomba mvua ile ile.
Mtoto asiulize tena wageni watarudi lini.
Wageni ni sisi, tukaribishane.
Mlango huu ukifunguka, maneno haya yalale.

Siku ya mnada uliofuata Nashipai alivaa shanga zake zote, akasimama mlango wa kwanza saa tisa alasiri, akaanza kusema. Hakupaza sauti. Wamasai waliokuwa wametoka kuuza mifugo wakasimama, na aliposema mstari wa pili wakajibu, kwanza wachache, kwa mazoea tu, kama mtu anayeitikia hodi. Alipofika mlango wa tano, ule wa mvua, wazee wa Kiiraqw waliokuwa wamekaa kwenye magunia yao ya vitunguu nao wakajibu kwa Kiiraqw, kama wanavyowajibu wazee wenzao kwenye slufay. Sijawahi kusikia kitu kile mahali pengine. Watu ambao babu zao waliibiana ng'ombe walikuwa wanajibu dua moja kwa lugha mbili, mbele ya maduka yaliyofungwa. Kwenye mlango wa saba hakuna aliyecheka. Walijibu kwa nguvu, mara mbili, na wote walikuwa wanatazama ghala. Mzee Boay alisimama pembeni mikono nyuma, akamuuliza jirani yake kama siku hizi mji unaombewa na wanawake. Lakini wiki ile ile aliuza mahindi kwa bei ya kawaida, na alisema ameguswa. Ndiyo, aliguswa; aliguswa na macho ya watu mia mbili.

Baada ya hapo kila siku ya mnada watu walikuja, na wakija wengi, hawaji mikono mitupu. Mama mmoja akaleta chai na maandazi. Emanuel akahamishia vitunguu vyake pale, kisha akamwomba mpangaji wa duka la nne amruhusu aviweke ndani. Hapo ndipo tulipogundua kitu ambacho Nashipai alikuwa amekijua tangu mwanzo. Emanuel alipofungua ule mlango, mabawa yalilala ukutani na mstari ukapotea. Watu wakapiga vigelegele. Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yetu. Fundi cherehani akafungua duka la pili na kushona sare za shule. Kinyozi akafungua la tisa. Aliyekuwa anachonga twiga wa mbao akafungua la sita na kuchonga mipini ya majembe, akasema ni kazi ile ile, ila mpini hauhitaji macho. Kila mlango ulipofunguka Nashipai aliuruka kwenye dua, akisema iliyobaki tu, na dua ikawa inapungua mnada kwa mnada. Wa saba ulifunguliwa na muuza mbegu. Mji ulikuwa unalala vizuri tena. Sisemi tulitajirika. Nasema watu walikuwa wanatoka nyumbani asubuhi wakijua wanakwenda wapi.

Mlango wake ulikuwa wa mwisho. Shanga hakuna jirani aliyezihitaji, basi akaanza kuleta maziwa, ya moto na ya mgando, kutoka kwa wafugaji waliokuwa wamezoea kuyamwaga kwa kukosa wanunuzi. Siku alipoyafungua mabawa yale mawili, mstari wa kumi na mbili ukageukia ukuta na hapakuwa na neno hata moja la kusomeka kwenye banda zima. Tulikula makande nje, barabarani kabisa, kwa kuwa hakuna gari lililopita. Alinimegea nyama yake. Akasema, "Imejibiwa. Sasa usiandike tena kitu hapa." Nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo nikiikumbuka napata hasira, kwa sababu najua nilichokuja kuifanyia.

Wageni walianza kurudi kidogo kidogo, na pamoja nao ikarudi ile akili ya kutazama barabara. Emanuel, bila ubaya wowote, alikuwa amepiga picha ya milango yote kumi na miwili ikiwa imefungwa, siku rangi ilipokauka. Picha ile ilizunguka kwenye simu za watu, ikafika mbali, ikarudi kama habari ya mji uliookolewa na shairi. Wakubwa fulani wakataka kuja kuliona, na wapiga picha, na watu wa makampuni ya utalii. Tulikuwa chumbani kwa Nashipai tunapepeta maharage tuliposikia ng'ambo ya ukuta Mzee Boay akitoa agizo. Siku ya ugeni maduka yote yafungwe ili shairi lionekane. Mtu mmoja, nadhani kinyozi, akauliza kwa adabu kama wageni hawawezi kuambiwa kwamba milango imefunguka, na kwamba hiyo ndiyo habari yenyewe. Mzee Boay akasema, "Sasa watapiga picha nini, ukuta?" Wakacheka. Nawaambia walicheka. Mji uliofunguka kwa jasho ufungwe ili uonekane ulivyofunguliwa, na hakuna aliyeona aibu. Kisha akaongeza kwamba mstari wa saba urekebishwe kidogo, una ukali, na kwamba yule binti wa maandishi atafanya, mbona tunamjua.

Nashipai hakusubiri aitwe. Alikwenda kwenye mlango wa duka lile, akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akasema, "Mimi sifungi." Mzee Boay akamwambia ni saa mbili tu. Akasema, "Maziwa hayajui saa mbili. Na mlango huu niliufungua kwa dua, watu wakajibu. Nikiufunga kwa ajili ya picha, nimewaambia wale wote walikuwa wanapiga kelele." Mzee Boay alikuwa mpole sana. Wanaume wa namna yake huwa wapole wakiwa wameshaamua. "Haya mama," alimwambia, "wewe kaa wazi."

Jioni ile, jua bado lipo, Mzee Boay alinifuata nyumbani. Alinipa heshima ya kuniita fundi. Alisema kuna loji tatu zinafunguliwa upya, vibao vyote, magari yote, na yeye ndiye anayeulizwa amtaje nani. Alisema mji hauwezi kuaibika kwa sababu ya mtu mmoja. Alitaka mstari wa saba mpya, na alikuja nao kwenye karatasi: "Mwenye ghala, Mungu akuzidishie." Na alitaka ubao mwepesi wa saizi ya mlango, wenye mstari wa kumi na mbili, kwa herufi zilezile, wa kusimamishwa mbele ya duka la Nashipai. Ningependa kuandika kwamba nilikataa mara ya kwanza. Sikukataa. Nilimuuliza kivuli akitaka upande gani, na alishangaa, kwa sababu hakuwahi kujua kwamba herufi zangu zina kivuli.

Asubuhi ya ugeni niliupeleka ubao na vijana wawili wa kamati. Nashipai alikuwa ndani anachuja maziwa. Tulipouegemeza, giza likaingia dukani mwake. Akauliza kutoka ndani, "Paska, ni wewe?"

"Ni mimi, yeyo."

Nilisikia maziwa yakiendelea kumiminika kwenye ndoo. "Uweke vizuri basi," alisema. "Usije ukamwangukia mtu."

Msomaji asome tena kile nilichokiandika kwenye ubao ule. Mlango huu ukifunguka, maneno haya yalale. Niliusimamisha mbele ya mlango uliofunguka, juu ya mtu aliye hai. Angalieni picha za siku ile, herufi zimenyooka. Magari yalifika. Mshereheshaji wa kukodi, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua, alisoma mistari kwenye kipaza sauti kwa ile sauti ya matangazo ya sabuni. Baada ya mstari wa kwanza alinyamaza kidogo, na hakuna aliyejibu. Watu walijua hiyo si dua. Wageni wakapiga makofi, na wengine wetu tukapiga pia, tukajibu dua kwa makofi. Ilikuwa hivyo mlango kwa mlango. Alipofika wa saba akasoma kwa madaha kwamba mwenye ghala Mungu amzidishie, na kabla makofi hayajaanza, sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya ubao, si kubwa, sauti yake ya kila siku ya kuuza maziwa: "Panya wameshashiba." Watu wa mnada walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wageni wakauliza kimesemwa nini. Hakuna aliyewatafsiria. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama karibu na Mzee Boay, na niliona shingo yake ilivyovimba.

Alimpa Nashipai notisi kabla mwezi haujaisha. Duka linahitajika, walisema, kwa matumizi ya kamati. Alifunga makopo yake ya shanga, kibuyu chake na jiko lake. Kisha akaazima spana kwa Emanuel, akaung'oa mlango wake mwenyewe, bawa moja baada ya jingine, akaupandisha juu ya lori la mbuzi lililokuwa linarudi Loliondo. Nilikuwa upande wa pili wa barabara, juu ya ngazi, nachora faru kwenye ukuta wa ofisi ya utalii. Alinipungia mkono. Mimi nilikuwa na brashi kwenye mkono mmoja na debe kwenye mwingine, na nilijiambia kwamba ndiyo maana sikupunga.

Mwaka ukaishia hapo, ila walichokianza hakikuisha. Tangu hapo mpaka juzi, milango kumi na mmoja ilifungwa kila siku kuanzia saa nne hadi saa sita mchana, wakati magari ya kwenda kreta yanaposimama kupiga picha, na wafanyabiashara wakawa wanauzia dirisha la nyuma, kwenye vumbi. Watoto wa Karatu wamekua wakidhani ndivyo mji ulivyo, kwamba unafungwa ili utazamwe. Ubao wangu ulibaki umesimama mbele ya duka la kumi na mbili, ambalo kamati ilifanya stoo. Kila mwaka, jua likipausha rangi, waliniita niihuishe, na kila mwaka nilikwenda. Niliupitia hata ule mstari mpya wa mwenye ghala. Nilikuwa nimeshaolewa, nimeshazaa, nina duka langu la maandishi lenye kibao kizuri kuliko vyote. Sikuwahi kwenda Soitsambu. Nilikuwa na sababu kila msimu.

Naisula, binti wa Nashipai, alinipigia simu akasema yeyo ametutoka. Emanuel alinipeleka kwa gari lake, maana siku hizi anaendesha tena. Tulipanda hadi ukingo wa kreta, tukateremka upande wa pili, vumbi mpaka Piyaya, kisha Soitsambu. Tulifika wameshazika. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, paa la bati, na nilipoingia uani niliutambua mlango kabla ya watu. Ulikuwa wazi, mabawa yamelala ukutani. Naisula alinipa chai ya maziwa, akaniambia mama yake hakuwahi kuufunga mchana. Nikamwomba niuone upande wa pili. Nilitaka kuona herufi zangu. Hata siku ile, Mungu anisamehe, nilitaka kuziona.

Hazikuwapo. Uso wote ulikuwa umekandikwa udongo mwekundu na mavi ya ng'ombe, na alama za vidole vyake zilikuwa zinaonekana, kutoka juu kwenda chini. Naisula akasema mvua ikiuosha, mama yake alikandika upya, kila masika. "Nilimuuliza kwa nini asiikwangue tu rangi. Akasema rafiki yake aliifanyia kazi, asingeweza kuikwangua. Ila maneno yameshajibiwa, yafunikwe, yalale." Nikamuuliza kama alikuwa ananisema. "Alikuwa anauliza kama unakula," Naisula akasema. "Kila mtu akitoka Karatu, anamuuliza, Paska anakula?"

Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni imekuja baadaye. Naisula alinionyesha mahali mama yake alipokuwa anachimba udongo, lakini wa Karatu nilikuwa nao mwenyewe, nyuma ya nyumba, bure, siku zote. Juzi, saa nne asubuhi, milango ilipofungwa na magari yakasimama, nilifika na ndoo mbili. Nilianza na mlango wa kwanza, kwa mikono. Wageni walinipiga picha, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Mzee Boay, anayetembelea fimbo sasa, alitoka akiniita binti, kisha fundi, kisha majina mengine. Mama mmoja wa Kiiraqw mwenye kikapu cha vitunguu alisimama akaniuliza ninafanya nini. Nikamsomea mstari niliokuwa nao chini ya viganja kabla haujafunikwa wote. Alikuwa mtu mzima, nadhani alikuwapo mwaka ule wa dua. Akaweka kikapu chini na akajibu, kwa lugha yetu, kama wanavyojibu wazee. Tulikwenda hivyo mpaka wa kumi na mmoja. Kwenye wa saba nilisema ule wa kweli, na aliujibu mara mbili.

Ubao wa kumi na mbili sikuukandika. Ule haukuwahi kuwa mlango, na maneno yake hakuna aliyeyajibu. Niliuvuta chini mbele yao wote, nikauburuta barabarani hadi nyumbani, nikaupasua kwa shoka. Barua yao ilipofika leo, nilikuwa nimeufanya kuni, napikia makande. Barua nimeitia motoni pamoja nao. Moshi ulinuka rangi, makande yakanuka rangi, mwanangu akakataa. Mimi nimekula.